Ilunga Hajafa, Kawaambie

Ngalula mama, binti yangu,

Jana mezani ulisema mbele ya mama yako kwamba hasira yangu imewaumiza watu wa Kapata kuliko ugonjwa wenyewe. Kisha ukainuka, ukaenda Dilala kuwaaga rafiki zako, ukaniacha na bukari yangu, ugali wa mama yako, ikipoa. Sikukujibu. Nilijua nikifungua kinywa nitakufukuza nyumbani kabla hujaondoka mwenyewe. Kwa hiyo nakuandikia. Mimi na wewe tukisema tunapigana, na kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Mambo ya kula vizuri na kuchagua marafiki mama yako ameshakwambia, na ameshakufungia samaki wakavu wa ndakala na unga kana kwamba Lubumbashi hakuna soko. Hapo sina la kuongeza. Nataka kusema juu ya kazi unayoiendea, na sitaisema kwa upole.

Umenieleza zaidi ya mara moja. Utawafundisha madelege, wale vijana wenye mikoba wanaozunguka kliniki na farmasi kuwasifia madaktari dawa za kampuni, ili wajue namna ya kusema na wagonjwa na kusema juu yao. Tena utakuwa daraja kati ya kampuni na vyama vya wagonjwa kama kile chetu. Daraja! Neno hilo si lako, mama. Ni la Madame Solange, yule wa kampuni. Nililisikia kinywani mwake akiwa ameketi sebuleni mwetu, anakunywa soda yetu, na wewe ukimtazama kama mtu aliyeona nyota. Daraja ni kitu cha kukanyagwa, na waliokanyaga walikuwa wao.

Acha nianze mbali kidogo, maana nakuona unataka kuniambia kwamba ninaanza na matusi.

Chama chetu hakikuzaliwa kwenye mkutano. Kilizaliwa kwenye korido ya hospitali, watu wamekaa chini kwenye saruji wakisubiri damu. Ilunga, mdogo wako, alikuwa ameletwa na maumivu ya mifupa, yale yanayomfanya mtoto alie bila sauti. Mama Odia, anayeuza unga pale soko la Kapata, alikuwa na binti yake Rose kwenye kitanda cha pili. Tukagundua tuko na ugonjwa mmoja: selimundu, huku tunaita SS. Tukagundua pia kwamba damu ya mume wake inamfaa Ilunga. Basi. Huo ndio uliokuwa mkataba wetu wa kwanza. Baadaye wakaja wengine, wengi wao akina mama. Mwanaume wa kukaa kwenye mikutano nilikuwa peke yangu, kwa sababu waume wengi walikuwa wamekimbia, au walikuwa nyumbani wanatafuta mchawi.

Na mimi nilimtafuta mchawi. Unajua hayo, ulikuwepo. Ndugu zangu walisema nyumba yetu imefungwa, wakamtazama mama yako. Sikumtetea. Nilimpeleka Ilunga kwa pasta mmoja, kwenye chumba cha maombi nyuma ya mtaa wetu wa cité, na pasta akasema mtoto afunge chakula na maji. Wewe ulileta kikombe umekificha chini ya kitambaa chako. Nilikupokonya, nikayamwaga maji mlangoni. Mpaka leo sijui niliwezaje. Tulipomfikisha hospitali hakuweza tena kugeuza shingo, na yule muuguzi mzee aliuliza, "Nani alimunyima huyu mutoto maji? Damu yake inataka maji kuliko ya kwetu sisi wote." Nikasema, ni mimi. Akanitazama tu, akaenda kutafuta mshipa.

Hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa nayo. Sikuwa na nyingine. Niliisimulia kwenye chama kwa sababu kila mama mpya aliyekuja alikuwa ameambiwa na mtu afunge mtoto, na nilitaka asifanye nilichofanya mimi. Nilisimulia vibaya, narudi nyuma, nasahau, nalia mahali pasipo pa kulia. Wakanielewa.

Ndipo alipokuja Madame Solange. Kampuni yake ilikuwa na vidonge vya SS, vile vya kumeza kila siku, vinavyopunguza maumivu. Alisema tushirikiane: watatupa vidonge kwa bei ya chama, na sisi tutakuja kwenye mafunzo ya wafanyakazi wao tuwaeleze maisha ya mgonjwa, wasiuze dawa kama wanauza sabuni. Alituletea kofia na bango. Akasema, "Sasa tuko familia moja." Hapo ningesimama nimuonyeshe mlango. Mimi ni mtoto wa mchimbaji aliyeletwa kutoka Kasai na kampuni iliyomwita familia, ikampa hii nyumba tunayolala, ikamwita familia mpaka siku ilipofunga hospitali yake na kumwacha na kikohozi chake. Nilikuwa nalijua neno hilo. Lakini nilikuwa pia na mtoto anayeumwa, na vidonge vilikuwa mezani. Usifikiri nimesahau jinsi mtu anavyouvumilia uongo akiwa na mgonjwa ndani ya nyumba.

Siku ya mafunzo ya kwanza, pale hotelini mjini, wewe ndiye uliyekuwa mkalimani. Ulikuwa unamaliza shule ya uuguzi, Kifaransa chako kilikuwa safi. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine, Ilunga anatetemeka kwenye koti langu, na hakuna hata mmoja wa wale waliokuja kujifunza maisha ya mgonjwa wa SS aliyefikiri kuizima. Nikasimulia. Ukageuza. Nilikuwa sijui kwamba hadithi yangu inaweza kuwa nzuri hivyo mpaka nilipoisikia kwa sauti yako. Pale kwenye kikombe sauti yako ilikatika, na watu wakalia. Wote. Hata Madame Solange alitoa kitambaa.

Baadaye akanishika mkono, akaniita baba. "Tata, ni muzuri sana. Mara ingine tu, fupisha mwanzo. Na umalizie na dawa."

Nami nilifupisha, Ngalula! Hilo ndilo linalonitafuna. Sikulazimishwa. Mafunzo ya pili nilijua wapi nitulie, wapi nishushe sauti. Nilianza kuupenda ule ukimya. Fundi wa kuchomelea vyuma, mtu anayeitwa kwa filimbi kazini, halafu ukumbi mzima wa watu wenye tai unashikilia pumzi kwa ajili yake. Ni utamu mbaya. Utauonja na wewe huko, na utaniona mimi ndani yake, sasa nakuambia mapema.

Na ile siku ya kwanza makofi yalipokwisha, wao walienda kula, sisi tukatoka nje. Hakuna aliyekuwa amefikiria tutarudije Kapata. Mvua ikatukuta barabarani, tukapata taksi-moto moja, pikipiki ya abiria, Ilunga katikati yetu. Mvua na baridi ni sumu kwa mtoto wa SS, kila mmoja wao alikuwa ameandika jambo hilo asubuhi kwa kalamu ya kampuni. Jioni alikuwa hospitali tena. Madame Solange alipopigiwa simu alisema pole sana, akatuma kofia nyingine.

Ulicheka uliposikia habari ya kofia. Na mimi nilicheka. Tulikuwa bado tunacheka pamoja.

Sasa nije Fungurume. Hili sikuwahi kukueleza lote. Nilikueleza kwa kelele tu.

Unajua nilipata kazi kule, kwa kampuni ndogo inayochomelea mabomba ya mgodi. Siku moja cheche iliniingia jichoni, nikapelekwa kwenye kliniki ya wafanyakazi. Nimekaa kwenye benchi, jicho moja limefungwa, akaingia delege. Kijana mwembamba, viatu vinang'aa katika vumbi lile jekundu, sijui alivifuta wapi. Muuguzi mkuu alimkaribisha palepale mlangoni. Kijana akafungua mkoba, akaweka boksi la vidonge juu ya meza, kisha akashusha sauti.

"Mama, mi sikuye kuuza. Baba mukubwa yangu, pale Kapata, alikuwa na mutoto wa SS. Pasta alimuambia amunyime maji. Dada yake alileta maji ya kujificha, baba mukubwa akayamwaga. Ule mutoto alikufia mu mikono yangu. Kama angekuwa na hii dawa, leo angekuwa mu masomo."

Yule mama muuguzi akapangusa macho. Nikamgeukia yule kijana kwa jicho langu moja. Alitulia palepale ninapotulia mimi. Alishusha sauti palepale ninaposhusha. Kwenye kikombe, mama, sauti ilimkatika kama ilivyokukatika wewe.

Nikamwita. "Kijana, huyo mutoto alikuwa anaitwa nani?"

"Ilunga, tata."

"Balimuzika wapi?"

"Kulekule Kapata, tata. Pole, na weye uko na mutoto wa SS?"

Nilisimama. Nilitaka kumpiga na boksi lake. Nikamwambia, mimi ndiye baba mkubwa wako. Ilunga amekula mkate wa karanga leo asubuhi, ananidai viatu vya mpira. Kijana alitazama mlango, akatazama muuguzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi, sikuwa na mahali pa kuishusha. Nikamuuliza nani alikufundisha hivi.

"Ni ku formasio, tata. Banatuambia tuseme kama ni mutu wa kwetu. Na banasema, kama mutoto anapona, munganga wa kliniki anasahau. Kama anakufa, anaandika dawa."

Soma tena maneno hayo, mwanangu, maana ndiyo mafunzo unayokwenda kuyasimamia. Walimuua ndugu yako kwa sababu mtoto aliyekufa anauza zaidi. Na sisi chama, tulioanza pale korido, vidonge vyetu vilikuwa vimeanza kuchelewa kwa miezi, kwa sababu boksi lilikuwa linakwenda Fungurume, kwenye kliniki za migodi zinazolipa vizuri. Mtoto wangu mfu alikuwa anafungua milango ambayo mtoto wangu mzima hawezi kuipitia.

Nilipokueleza ulisema labda ni delege mmoja aliyepotoka. Kwa hiyo walipotualika tena, sikukuambia ninachokwenda kufanya. Nilimchukua Ilunga. Nilisubiri zamu yangu, nikamsimamisha mbele ya ukumbi. Nikasema kwa Kiswahili, bila mkalimani, "Huyu ni ule mwenye munazika kila siku. Mumusalimie." Wengine walicheka, wakafikiri ni sehemu ya somo. Madame Solange alitabasamu, akanyanyua mkono nikae. Sikukaa. Niliwaita fisi. Niliwaambia fisi angalau anangoja maiti. Nilitupa kofia yao chini. Nilisema mengi, na hakuna neno hata moja ninalolifuta.

Kisha vidonge vikakatika.

Madame Solange hakugomba. Alipiga simu, sauti laini, akasema kampuni imebadilisha mpango wake wa ushirikiano katika mkoa huu wa Lualaba. Nilifurahi kwa usiku mmoja. Asubuhi Mama Odia alikuja, bado na unga kwenye mikono, hakutaka kuketi.

"Tata Ngalula, ile siku ulisema mu jina ya nani?"

"Mu jina yetu sisi wote."

"Ulituuliza? Wa kwako atakunywa dawa, juu uko na kazi ku Fungurume, utamununulia ku farmasi. Rose yangu atakunywa nini? Atakunywa hasira yako?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia anatetea waliomdharau. Akasema wamdharau tu, ilimradi wampe. Akaondoka. Na kabla mvua hazijaisha Rose alianguka shuleni, upande mmoja wa mwili ukafa. Alipona, lakini unamwona anavyopita hapa mbele akienda sokoni kwa mama yake, mguu unachora mchanga. Mama Odia hanisalimii. Akina mama wamekwenda mmoja mmoja. Chama kimebaki bango ambalo mama yako anafunikia mkaa.

Sijui la kusema juu ya mguu ule. Nikisema nilikosea, ninawasamehe wale waliokata dawa ya watoto kwa sababu mzazi amewatukana. Nikisema sikukosea, Rose anapita. Nimechoka kuchagua. Siku nyingine nawachukia wao asubuhi na kujichukia mimi mchana. Ndiyo maana ulipotuambia kwamba Madame Solange amekupa kazi, nilikuambia umeuza damu ya ndugu yako. Ulinijibu, "Tata, weye ulipiga makelele nje, dawa ikakatwa. Mi nitaingia ndani." Sikulala.

Sikuamini habari ya ndani. Baba yangu alikuwa ndani ya kampuni maisha yake yote. Ndani kuna kahawa, kuna watu wanaokuita kwa jina, na taratibu unaanza kusema "sisi" ukimaanisha wao. Siku ile uliporudi kutoka kwenye mahojiano ulisema "mkakati wetu". Mama yako hakusikia. Mimi nilisikia.

Lakini unakwenda, na mimi sitalala mlangoni. Kwa hiyo yale ninayoyajua uyachukue, uyafanyie utakavyo.

Mama wa watu akija kusimulia mbele ya madelege wako, muulize kwanza anataka nini, kabla hajafungua kinywa. Baada ya machozi hakuna anayeuliza. Mwache asimulie kwa urefu, apotee, arudi. Anayejifunza kuuza atachoka, achoke. Ukimsikia mtu anafupisha vizuri sana, ujue kuna mtu amempotosha, na pengine ni wewe. Zima baridi ya ukumbi. Umrudishe kwake wewe mwenyewe, mpaka mlangoni, uone anapolala. Na delege yeyote atakayesema "baba mkubwa wangu" na hana baba mkubwa, mtoe nje, hata kama ndiye anayeuza kuliko wote. Hasa kama ndiye anayeuza kuliko wote.

Na Rose. Sina haki ya kukuomba kitu juu yake, lakini naomba. Ukiwa na mkono wa kufika kwenye yale maboksi, Kapata bado ipo mahali pake.

Sijapoa, usidhani. Ukinikuta kesho barabarani nitakusaidia mzigo na nitanyamaza, na utajua ninanyamaza kwa nini. Madame Solange akija kukupokea sitampa mkono.

Jambo moja limenifanya niandike leo, badala ya kukaa na kununa. Mchana, ulipokuwa hujarudi, nilimuuliza Ilunga kama anakubali dada yake akaseme habari zake kwa watu wale. Nilitegemea akatae. Nilitaka akatae, nije nikuonyeshe. Alikuwa anakarabati redio, hakuinua kichwa.

"Aseme," akasema. "Aseme niko muzima. Na aseme bile bidonge binaniumizaka tumbo, asubuhi yote nasikia kutapika, mu masomo sisikii mwalimu anasema nini. Tangu mwanzo. Hakuna mwenye aliniuliza."

Nikakaa chini, Ngalula. Miaka yote hiyo. Mafunzo yote yale, ukumbi umejaa watu wa dawa, na mimi mbele yao na sauti yangu nzuri.

Nikamwambia, "Na mimi je? Juu ya nini hukuniambia mimi?"

Akanitazama bila ubaya wowote.

"Tata, weye ulikuwa unasema."

Basi nanyamaza hapa. Nenda.

Mimi tata yako,
Kapata